Biharusi Bara: Kuuliza Jikoni Si Utovu wa Adabu



Msimu wa harusi umepita, na kama kila mwaka wapo mabiharusi wa hapa kisiwani waliobeba mabegi yao kuwafuata waume zao Bara. Zamani tukisema Bara tulikusudia Dar es Salaam, ukichoka unapanda boti unarudi kwa mama. Siku hizi waume wameajiriwa Mbeya, wanasomesha vyuo vya Iringa, wana maduka Uyole na Mafinga, na biharusi anajikuta juu milimani kwenye baridi ya Juni, baibui juu ya sweta, hajui hata halua inauzwa wapi.

Haipiti muda bwana anasema, "Leo usipike, tutoke." Pengine ni yeye na mkewe tu, pengine bosi wake amewaalika. Na mahali penyewe inaweza kuwa mgahawa wa Kichina, au hoteli iliyoandika nje kwamba ina vyakula vya baharini, maana bwana anajua ameoa mtu wa pwani na anataka kumfurahisha. Nia yake njema, Mungu amlipe. Lakini kule si Forodhani, ambako unanunua mshikaki bila ya kujiuliza. Ni miji ambayo Waislamu ni wachache, nyama ya nguruwe inaliwa waziwazi na wenyewe wanaiita kitimoto, na mpishi hana sababu ya kukufikiria wewe pale anapotia mafuta jikoni.

Tumeona dada zetu wakifanya moja katika mambo mawili. Wengine wanakula kila kinachowekwa mbele yao, kimya, kwa sababu biharusi hasemi sana. Wengine wanakataa kila kitu, wanaagiza chipsi na soda, wanakaa wamenuna mpaka usiku uishe. Sisi tunasema njia zote mbili hazifai. Mwanamke Muislamu anayeketi mezani kwa watu ana haki ya kuuliza chakula kimepikwaje, na swali hilo likiulizwa vizuri halimuaibishi mumewe wala halimtukani mwenye mgahawa.

Tuanze na Wachina, maana ndio wanaoogopwa zaidi.

Mchina si mgeni wa jana huko Nyanda za Juu. Reli ya TAZARA ilijengwa kwa msaada wa China kati ya 1970 na 1975, ikakabidhiwa rasmi 1976, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia. Haikupita Iringa mjini, ilipita Makambako ikaenda Mbeya hadi Tunduma. Makumi ya maelfu ya Wachina walikuja kuijenga, na baada yao wamekuja wa barabara na wa biashara. Mgahawa wa Kichina katika mji kama ule mara nyingi kazi yake ya mwanzo ni kuwalisha Wachina wenzao waliochoka na ugali. Kwao nyama ikitajwa tu bila ya jina, mara nyingi ni ya nguruwe, kama sisi tukisema "samaki" bila ya kueleza hatukusudii wa mtoni. Hilo si hila wala dharau kwetu. Ni chakula chao.

Na tusifanye kama vile Uchina na halali haviwezi kukutana. Sisi wa Zanzibar tunawajua madaktari wa Kichina tangu 1964 Mnazi Mmoja, wapo waliotuzalisha. Ndani ya China kwenyewe wapo Waislamu kwa mamilioni, kabila la Hui likiwa mojawapo ya makubwa miongoni mwao, na zile tambi za kuvutwa kwa mkono za Lanzhou, zenye supu ya ng'ombe, ni chakula cha Waislamu hao. Zheng He, jemadari wa zile meli kubwa zilizofika pwani yetu ya Afrika Mashariki karne ya 15, alizaliwa katika nyumba ya Waislamu huko Yunnan. Wachina wana neno lao la halali, *qingzhen*, na wapishi wao wengi wanalijua. Liandike kwenye simu yako. Liandike na *zhurou*, nyama ya nguruwe, ili ukimuonesha mpishi asiyejua Kiswahili aelewe unachokikataa.

Sasa, swali lenyewe ni lipi? Wengi wetu tunauliza, "Mna nguruwe?" Mhudumu anajibu, "Ipo, lakini unaweza kuagiza kuku," nasi tunaridhika. Swali hilo halitoshi. La kuuliza ni karai. Mapishi ya Kichina yanakwenda haraka haraka juu ya moto mkali. Karai ni moja au mawili, linafutwa, linasuuzwa kidogo, linarudi motoni. Kuku wako anaweza kuingia katika karai lililotoka kukaanga nguruwe dakika moja nyuma. Halafu kuna mafuta yenyewe, maana mapishi mengine yanatumia mafuta ya nguruwe kwa ajili ya harufu. Halafu kuna mvinyo wa mchele, unaomiminwa kwenye nyama na samaki kuondosha shombo, kazi ambayo sisi tunaifanya kwa ndimu. Haumo kwenye menyu kwa sababu kwao ni kiungo tu, kama chumvi. Mhudumu anaweza kukuapia kwamba hakuna pombe ndani ya chakula, na kwa uelewa wake anasema kweli.

Na wale wa chipsi na soda wanisikie hapa. Chipsi zinakaangwa wapi? Kama jiko lina sufuria moja ya mafuta ya kuzamishia, na humo humo zimepita mbavu za nguruwe tangu asubuhi, chipsi zako ndizo zenye shaka kuliko samaki wa mvuke aliyepikwa peke yake kwenye sahani. Kununa hakukulinda na chochote.

Suala la chombo si jipya, wala halihitaji fatwa ya mtandaoni usiku wa manane. Sahaba Abu Tha'laba al-Khushani alimuuliza Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam, kuhusu vyombo vya majirani zao wa Ahlul Kitab waliokuwa wakipikia nguruwe na kunywea mvinyo. Jibu alilopewa ni kwamba wakipata vyengine watumie hivyo, na wasipopata basi wavioshe na wale humo. Angalieni hekima yake, hakuambiwa ahame mji. Katika madhehebu yetu ya Shafi wanaofuatwa wengi wameikisia najsi ya nguruwe na ya mbwa, chombo kioshwe mara saba na moja iwe kwa udongo, ingawa Imam Nawawi, naye ni Shafi, aliona kwa upande wa dalili kuosha mara moja kunatosha. Hatuandiki haya ili umfundishe mpishi wa Mbeya kuosha sufuria kwa udongo. Tunaandika ujue ombi lako ni jepesi, nalo ni karai lililo safi, mafuta mapya ya alizeti, na mvinyo usitiwe. Alizeti huko Bara si kitu cha kutafuta kwa tochi.

Mchuzi wa soya wengi wanauliza. Ule wa kawaida ni soya, ngano na chumvi vilivyochachushwa, na mashekhe wengi hawaoni tatizo ndani yake maadamu haukuongezwa pombe. Soma lebo. Sosi ya chaza nayo ni ya baharini, kwetu Shafi haina neno, lakini isomwe vile vile.

Kuku na ng'ombe wana swali jengine, la kuchinja. Tanzania imekuwa ni desturi ya miaka mingi kwamba nyama ya kuuzwa kwa watu wote inachinjwa na Muislamu, na wengi wetu tumeilalia desturi hiyo bila ya kufikiri. Mwaka 2013 iliingia katika ugomvi mkubwa, damu ikamwagika Geita, na fujo zikafika hadi Tunduma, mpakani mwa Zambia, si mbali na Mbeya. Tunalitaja kwa uangalifu, kwa sababu biharusi mgeni anatakiwa ajue kwamba swali la nani kachinja, ambalo Unguja ni swali la kawaida, kule linaweza kugusa kidonda. Liulize kwa mwenye bucha, kwa upole, mchana, si mezani kwa sauti mbele ya watu. Na usisahau hadithi ya Bi Aisha, radhi za Allah ziwe juu yake, kuhusu watu waliokuwa wakiletewa nyama na wenzao wapya katika Uislamu bila ya kujua kama ilitajiwa jina la Allah. Waliambiwa wao walitaje na wale. Dini haikututaka tuwe wapelelezi. Kama nyama imetoka bucha ya Waislamu, imetosha. Kama ni kuku wa barafu kutoka nje ya nchi na hakuna anayejua, agiza samaki.

Kuna dada mmoja aliyeolewa Mbeya ambaye kisa chake ndicho kilichotufanya tuandike. Mwezi wa kwanza wa ndoa yake wakubwa wa kazini kwa mumewe waliwaalika kwenye mgahawa wa Kichina. Vikaja vidonge vya unga vilivyopikwa kwa mvuke, vina nyama ndani, vizuri kwa kuangalia. Akamnong'oneza mumewe, "Hii nyama gani?" Mume akamjibu kwa meno yaliyokutana, "Kula bwana, usiniaibishe." Akala viwili. Wakati wa kutoka akamuuliza msichana aliyewahudumia. Yule msichana hakuwa na kosa lolote, alimjibu wazi, "Nguruwe dada. Mbona hukuuliza mapema? Ningekuletea ya mboga."

Asiyejua hana dhambi, na tulimwambia hivyo. Lakini kilichomuumiza si zile nyama. Ni kwamba wiki nzima hakuweza kumtazama mumewe usoni, na mume naye, aliposikia ukweli, alijitapisha chooni usiku ule kisha akamlaumu mkewe kwa kutosisitiza. Angesisitiza vipi, na ameshaambiwa asimuaibishe?

Hapa tuseme na wanaume kidogo, kama wapo wanaochungulia. Kuuliza kuhusu chakula ni kazi yako kabla haijawa ya mkeo. Wewe ndiye unayeujua mji, wewe ndiye mwenye namba ya simu ya mgahawa. Piga asubuhi, "Tunakuja watu wanne saa mbili usiku, ni Waislamu, tunaomba karai safi, hakuna nguruwe, hakuna mvinyo, tutakula samaki na mboga." Dakika tatu. Mwenye mgahawa anayetaka pesa atafurahi kujua, na akikujibu kwamba hawezi, umeokoa nauli. Mwanamme anayejua kuagiza tairi la gari kwa saizi yake hasa anashindwaje kuagiza chakula cha nyumba yake?

Na kwako biharusi: somo alikufundisha kunyamaza mbele za watu, na alikufundisha vizuri, lakini hakukusudia hili. Haya ni pambo la mwanamke, na wanawake wa Madina walikuwa nayo kutushinda sote, na bado walimwendea Mtume wakamuuliza mambo ya hedhi na janaba ambayo wewe hadi leo unaona tabu kumuuliza mama yako. Kuuliza sosi ina nini ni jambo dogo mbele ya hayo. Muite mhudumu pembeni, mpe salamu za huko, mwite dada au kaka, mwambie, "Samahani, mimi kwa dini yangu sili nguruwe wala pombe hata kwenye kiungo, naomba unisaidie kumuuliza mpishi." Watu wa Nyanda za Juu ni wastaarabu, ukiwaomba msaada wanakusaidia. Ukiwakunjia uso wanakuona mjivuni, na hapo ndipo jibu la haraka haraka linapotoka. Iringa kuna mkahawa wa Neema Crafts, unaohudumiwa na ndugu zetu viziwi, ambako unaandika unachotaka kwenye karatasi. Tungependa kila mahali iwe hivyo. Ukiandika husahau, na mpishi hawezi kusema hakusikia.

Jambo ambalo sisi wenyewe hatukukubaliana ni meza ya pombe. Hadithi ya kutoketi kwenye meza inayozungushwa mvinyo inajulikana, na hiyo haina mjadala kwa meza yako mwenyewe: wakubwa wa kazini wakiagiza bia mezani, mume atafute udhuru mapema, au aombe chakula cha mchana ambapo pombe ni nadra. Lakini ukumbi mzima je, pale baa iko kona ile na familia ziko kona hii? Baadhi yetu wanasema usikanyage. Wengine wanasema katika mji ambao karibu kila hoteli iko hivyo, kaa mbali, ule, uondoke, au fungasha mkalie nyumbani. Muulizeni shekhe wa msikiti ulio karibu nanyi, yeye anazijua hoteli za pale kuliko sisi. Na tahadhari moja ya pembeni: Iringa utakaribishwa ulanzi, utomvu wa mianzi. Watakwambia huu bado mtamu, haujachacha. Shukuru, uombe chai.

Tumefika kwenye samaki, na hapa tunajua tutawaudhi baadhi yenu.

Iringa iko kiasi cha kilomita 500 kutoka Dar es Salaam, Mbeya zaidi ya 800. Biharusi wa Kizanzibari anaona kwenye menyu "pweza", "kamba", "jodari", moyo unaruka, anahisi yuko nyumbani. Kihalali, hapa hatuna wasiwasi mkubwa. Aya ya 96 ya Suratul Maida imehalalisha mawindo ya bahari na chakula chake, na kwa Shafi mlango huo ni mpana, pweza, ngisi, chaza na kamba wote wanaingia. Kaa wana mjadala wao vitabuni, na chura, ambaye anaweza kuwemo kwenye menyu ya Kichina, haliwi. Ukialikwa na Waislamu wa asili ya Kihindi wenye kufuata Hanafi usishangae wasipogusa pweza, wala usiwalazimishe, kwao cha baharini ni samaki tu.

Wasiwasi wetu ni wa safari. Yule jodari alitoka baharini lini, alikaa kwenye barafu ya nani, umeme ulikatika mara ngapi? Samaki wa barafu aliyehifadhiwa vizuri hana ubaya. Lakini jodari na vibua vikikaa kwenye joto vinatengeneza sumu ambayo kupika hakuiondoshi, na mtu anakula, uso unawaka mwekundu, mwili unawasha, kichwa kinagonga. Bibi zetu walimjua samaki huyo anayewasha kabla ya daktari. Kwa biharusi ambaye pengine ameshabeba mimba na hajajua, si mchezo wa kuchezea. Halali peke yake haikutajwa, imetajwa halali na iliyo nzuri. Swali la samaki kule ni "Ametoka wapi, na ameingia lini?" Na kama jibu ni kigugumizi, muachie.

Kinachotusikitisha ni kwamba dada zetu wanalipa pesa nyingi kwa kamba wa barafu aliyelegea, huku wakimdharau samaki wa ziwa kwa sababu "sisi hatuli samaki wa maji baridi". Mbeya iko saa chache tu kutoka Kyela na Matema, pwani ya Ziwa Nyasa, ambako kunatoka mbasa, samaki mwenye nyama tamu hasa, na dagaa wanaokaushwa juani kama wetu. Iringa ukishika njia ya Dodoma unafika bwawa la Mtera, perege wanauzwa barabarani. Hao wamefika mjini jana au leo. Hotelini ukiwaulizia mara nyingine mhudumu anashangaa, maana amezoea wageni kutaka cha bahari, lakini jikoni wapo, wamewekwa kwa ajili ya wafanyakazi.

Mwambie mpishi wa Kichina akupikie perege mzima kwa mvuke, tangawizi, kitunguu thomu na vitunguu vya majani juu, mvinyo asitie, ndimu atie. Mapishi hayo wanayajua kuliko sisi, na hayahitaji kukaangwa katika karai la mashaka wala mafuta ya jana. Kwa wali, Kyela na Mbarali zinatoa mchele ambao hapa kisiwani tunaununua kwa bei ya juu, na huko uko mlangoni.

Na hamu ya pweza ikizidi, mwambie mama akutumie mkavu kwa basi, ndani ya kikapu, pamoja na ndimu za achari. Pweza mkavu anasafiri kilomita 800 bila ya barafu.